Mbwa, Paka na Sungura Nyumbani: Kupenda ni Pamoja na Kuchanja



Wapendwa wasomaji wa ukurasa wetu wa afya, wale waliosoma Kitabu cha Tobiti watakumbuka kwamba kijana Tobia alipoanza safari yake ndefu hakuwa peke yake. Alifuatana na Malaika Rafaeli, ambaye jina lake lina maana ya Mungu huponya, na nyuma yao alikuwapo mbwa wa nyumbani. Mwandishi mtakatifu hasemi mengi juu ya mbwa huyo. Anamtaja wakati wa kuondoka, na anamtaja tena wakati wa kurudi. Sisi tunapenda picha hiyo: kijana, mponyaji na mbwa wakiwa katika njia moja. Mwezi huu tungependa kuwaunganisha hao watatu katika nyumba zetu pia, maana mara nyingi nyumbani kuna mtoto na kuna mbwa, ila mponyaji huitwa akiwa amechelewa.

Kilichotusukuma kuandika ni habari tuliyosimuliwa na mama mmoja baada ya sala ya jumuiya ndogo ndogo. Mjomba wa watoto alikuwa amewaletea zawadi ya mbwa mdogo, mweupe, mwenye doa jeusi sikioni. Watoto walimpenda mno, wakalala naye na kula naye. Siku moja yule mbwa alimng'ata kidole mtoto wa miaka saba. Jeraha lilikuwa dogo kama la kuchomwa na mwiba. Mtoto akaficha mkono, kwa kuwa aliogopa kwamba baba akijua atamwua mbwa. Baada ya siku nne mbwa akafa, naye akazikwa nyuma ya nyumba. Hakuna aliyeuliza zaidi, hadi jirani mmoja ambaye ni muuguzi alipopita kutoa pole kwa mzaha, akauliza: "Alikufaje? Na je, alimng'ata mtu?" Hapo ndipo mtoto alipoanza kulia na kuonyesha kidole. Siku hiyo hiyo alipelekwa hospitali, akaanza sindano. Leo anasoma, mzima kabisa. Lakini mama yule alituambia: "Kama jirani asingeuliza, mimi nisingejua." Kisha akatuuliza: "Je, ni afadhali tusifuge kabisa?"

Swali lake ni zuri, nasi tutalijibu hatua kwa hatua.

KICHAA CHA MBWA NI NINI?

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa unaoletwa na kirusi kinachokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Kirusi huingia mwilini kwa njia ya kung'atwa, kwa mkwaruzo wa kucha zenye mate, au mnyama anapolamba mahali palipochubuka, au anapolamba macho na midomo. Sisi tuliozoea kusikia Injili ya Lazaro maskini, ambaye mbwa walikuwa wakija kumlamba vidonda, tukumbuke kwamba kulambwa kidonda si jambo la kupuuzwa. Kuna watu wanaoamini kwamba mate ya mbwa ni dawa. Sivyo.

Kirusi kikishaingia hakikai katika damu. Hufuata mishipa ya fahamu polepole hadi kufika kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, lakini yaweza kuwa wiki moja tu, au hata mwaka mzima. Jeraha la kichwani, usoni au shingoni ni la hatari zaidi, kwa sababu njia ya kwenda ubongoni ni fupi. Watoto, kwa kuwa ni wafupi na hupenda kumkumbatia mnyama, hung'atwa usoni mara nyingi kuliko watu wazima.

Dalili zikishaanza, yaani homa, kuwashwa au maumivu mahali palipong'atwa, hofu, kushindwa kumeza, kuogopa maji na hata kuogopa upepo, mgonjwa karibu daima hufa. Huko ndiko familia nyingi hudanganyika, zikidhani mgonjwa ana mapepo au amerogwa, na kumzungusha huku na huko. Lakini kabla ya dalili kuanza, ugonjwa huu waweza kuzuiwa. Ndiyo maana muda ule wa ukimya, kati ya kung'atwa na dalili, ni zawadi ambayo hatuna budi kuitumia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, na wengi wao ni wa Afrika na Asia. Katika kila wagonjwa 100, karibu 99 wameambukizwa na mbwa, na wapatao 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa nchi yetu ya Tanzania, wataalamu waliochunguza majeraha ya kung'atwa na mbwa walichapisha mwaka 2002 makadirio ya vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka. Wengi wa marehemu hao hawakuandikwa popote, kwa sababu walifia nyumbani.

UKING'ATWA, FANYA HIVI

1. Osha jeraha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa muda wa dakika 15 kamili. Sabuni ya kufulia inafaa. Kama hakuna bomba, mtu mmoja amimine maji kwa kata huku mwingine akiosha. Kazi hii yaonekana ndogo, lakini huondoa na kuua virusi vingi kabla havijafika kwenye mishipa ya fahamu.

2. Paka dawa ya kuua vijidudu kama ipo, kwa mfano ayodini au spiriti. Usipake pilipili, mafuta ya taa, majivu, majani wala nywele za mbwa zilizochomwa. Vitu hivyo huchoma nyama na kupoteza muda.

3. Usikifunge kidonda kwa nguvu, wala usikimbilie kukishona. Hilo ataamua daktari.

4. Nenda zahanati au hospitali siku hiyo hiyo. Muulize mganga mahali chanjo ya kichaa cha mbwa inapopatikana, maana si kila zahanati inayo. Ataangalia pia kinga ya pepopunda. Kwa majeraha mabaya huhitajika pia dawa nyingine ya kinga, ambayo hudungwa ndani na kuzunguka kidonda.

5. Maliza sindano zote kwa tarehe ulizoandikiwa. Sindano moja haitoshi. Wapo wanaoogopa kwa sababu walisikia wazee wakisimulia sindano nyingi za tumboni. Hizo zilikuwa za zamani. Za siku hizi ni chache na hudungwa mkononi, au pajani kwa watoto wadogo. Mama mjamzito na anayenyonyesha anaruhusiwa kuchanjwa.

6. Kama mbwa au paka aliyeng'ata anajulikana, afungwe mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima muda huo wote, maana yake siku ile aliponga'ta mate yake hayakuwa na kirusi, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Lakini usisubiri siku 10 ndipo uende hospitali. Anza kwanza, uangalie baadaye.

7. Kama mnyama amekufa, usimshike kwa mikono mitupu, usimchune, na usimzike haraka. Mwarifu bwana mifugo ili achukue sehemu ya ubongo kwa uchunguzi.

Na kama umepita mwezi mmoja au hata miwili tangu kung'atwa, nawe hukutibiwa? Nenda leo. Maadamu dalili hazijaanza, hujachelewa.

UTAMJUAJE MNYAMA MGONJWA?

Usitazamie kwamba kila mbwa mwenye kichaa atakuwa anakimbia ovyo na kutoa povu. Jambo la kwanza ni kubadilika kwa tabia. Aliyekuwa mpole huwa mkali, na aliyekuwa mkali huja kujilaza miguuni kwa mtu asiyemjua. Hung'ata mawe, vijiti na hata hewa. Sauti yake hubadilika, taya hulegea, mate hutiririka, na mwishoni miguu ya nyuma hupooza. Wengine hukaa kimya gizani tu. Watu wamepata kuingiza vidole kinywani mwa mbwa wa namna hiyo wakidhani amekwamwa na mfupa. Msifanye hivyo kamwe.

Paka naye hupata kichaa na kukiambukiza, kadhalika mbweha, nguchiro, fisi, ng'ombe, mbuzi na punda. Sungura, simbilisi na panya si kawaida yao kuambukiza ugonjwa huu. Kuku, bata na njiwa hawana.

WANYAMA WENGINE WADOGO

Kichaa ndicho kikubwa, lakini si pekee. Tutaje na mengine kwa ufupi.

Paka: kinyesi chake chaweza kuwa na kijidudu ambacho kikimpata mama mjamzito huweza kudhuru mimba. Hakuna haja ya kumfukuza paka. Inatosha kinyesi kiondolewe kila siku, maana kijidudu hicho huhitaji siku moja au zaidi ndipo kiweze kuambukiza, na mama mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo. Anawe mikono baada ya kulima bustani, na ale nyama iliyoiva vizuri, kwa kuwa hata nyama mbichi ina kijidudu hicho. Paka wadogo huambukiza watoto mapunye pia.

Mbwa: apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya bwana mifugo. Asipewe mapafu na maini mabichi kutoka machinjoni, hasa yenye malengelenge ya maji. Humo mna mbegu za tegu mdogo, ambaye mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, yakaingia kwa mtoto anayecheza mchangani na kumletea uvimbe katika ini au mapafu. Funza nao hupenda mbwa kama wanavyopenda miguu ya watoto. Ukitibu miguu ya watoto ukamwacha mbwa, funza watarudi.

Sungura na simbilisi: wenzetu wa nyanda za juu kusini wamezoea kuwaacha simbilisi wazurure jikoni. Ni kitoweo kizuri na watoto huwapenda, lakini yafaa wajengewe banda lao nje ya mahali pa kupikia na kulala. Wanyama wa jamii ya panya hubeba viroboto, na nchi yetu inakumbuka jinsi viroboto wa panya walivyoeneza tauni kule Lushoto tangu mwaka 1980. Mahali penye ugonjwa huo, ukiona panya wanakufa wenyewe, toa taarifa mara moja.

Vifaranga, bata na kobe: hubeba vijidudu vya kuharisha. Mtoto asiwabusu, na anawe mikono kwa sabuni akimaliza kucheza.

SHERIA ZINASEMAJE?

Wengi wetu husikia habari za sheria ya mbwa siku ile tu mgambo wanapopita mtaani. Kumbe sheria zipo kwa ajili ya ulinzi wetu sote.

Kwanza, Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inawapa madaktari wa mifugo mamlaka ya kuzuia magonjwa ya kuambukiza. Ukiona mnyama mwenye dalili za kichaa, toa taarifa kwa bwana mifugo au kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Kunyamaza ili usionekane mbaya kwa jirani si upendo.

Pili, halmashauri nyingi zina sheria ndogo kuhusu mbwa: aandikishwe, achanjwe, mwenyewe awe na cheti, na asizurure. Masharti na faini hutofautiana kati ya halmashauri na halmashauri. Kwa hiyo kabla ya kupokea mbwa, nenda ofisi ya kata uulize. Cheti cha chanjo kitunze pamoja na kadi za kliniki za watoto. Siku mtu aking'atwa, karatasi hiyo ndiyo daktari atakayoiuliza kwanza. Ukihamia wilaya nyingine na mnyama wako, muulize bwana mifugo kuhusu kibali.

Tatu, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, kumnyima chakula na maji, au kumtelekeza. Kumtia mbwa katika gunia na kumtupa porini, jambo linalofanywa na watu wengi wakiona ni jepesi, ni kosa. Tena ni hatari, maana mbwa huyo atakuwa wa kuzurura, bila chanjo na bila mwenyewe.

Nne, wanyamapori si wa kufugwa kienyeji. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa mtu anayekaa na mnyamapori. Tumbili, komba, kobe na kasuku wa porini wamo. Mtoto akiokota kitoto cha tumbili shambani, msimfunge kamba kiunoni. Mpelekeeni habari ofisa wanyamapori. Tumbili mdogo huchekesha, lakini akikua hung'ata vibaya, na hakuna chanjo ya bwana mifugo iliyokusudiwa kwa ajili yake.

JE, TUUE MBWA WOTE?

Wapo wanaosema dawa ni kuwapiga mbwa risasi au kuwawekea sumu. Uzoefu umeonyesha kwamba njia hiyo haimalizi ugonjwa. Mbwa wanaouawa nafasi yao huchukuliwa upesi na wengine wasio na chanjo, na mara nyingi anayekufa ni yule mpole aliyekwisha kuchanjwa. Kinachofaa ni kuchanja. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita, hata kwa wale 30 waliobaki.

Jambo hili si la nadharia tu. Katika vijiji vinavyozunguka Serengeti mbwa wamechanjwa kwa wingi tangu mwaka 2003, na watu wanaong'atwa na mbwa wenye kichaa wamepungua. Kisiwani Pemba, chanjo ya mbwa iliumaliza ugonjwa mwaka 2014. Ukaingia tena mwaka 2016, wakachanja tena, ukazimwa mwaka 2018. Hapo tunajifunza mambo mawili: ugonjwa huu washindika, nao hurudi kwa wanaolala. Mashirika ya kimataifa yameweka lengo kwamba kufikia mwaka 2030 asife mtu yeyote kwa kichaa kinachotokana na mbwa. Lengo hilo halitafikiwa huko Geneva, litafikiwa hapa penye banda la mbwa wako.

Chanjo hurudiwa kila mwaka. Mbwa mdogo huchanjwa afikapo miezi mitatu, na siku hizi wakati wa kampeni hata walio chini ya umri huo hawaachwi. Paka nao wapelekwe. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na sindano za mtu mmoja aliyeng'atwa, ambazo zimezifanya familia kuuza mbuzi na hata shamba.

NENO LA MWISHO

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2415 hadi 2418, inatufundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu, kwamba tunapaswa kuwatendea kwa wema, na kwamba kuwatesa bila sababu hakulingani na heshima ya mwanadamu. Yatukumbusha vile vile tusiwape wanyama upendo unaowastahili watu. Hayo mawili hayapingani. Anayempenda mtoto wake humchanja mbwa wake, na anayemchanja mbwa amewapenda wote wawili.

Kwa hiyo tunamjibu mama yetu: fuga, lakini fuga kwa utaratibu. Usipokee mbwa wala paka kabla ya kujua atachanjwa lini na nani. Wafundishe watoto wasimsumbue mnyama anayekula, anayelala au anayenyonyesha. Na zaidi ya yote, wafundishe kusema. Mwambie mwanao leo hii: "Ukikwaruzwa au kung'atwa, hata kidogo, niambie. Hutapigwa, wala mbwa hatauawa kwa sababu umesema." Mtoto wa habari yetu alificha kidole kwa ajili ya kumpenda rafiki yake. Ilibaki kidogo upendo huo umwue.

Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, yule mwanasayansi wa Ufaransa aliyemchanja mtu wa kwanza dhidi ya ugonjwa huu mwaka 1885, huadhimishwa kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Siku sita baadaye, tarehe 4 Oktoba, ni sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, rafiki wa viumbe. Tungependa kupendekeza kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo: katika wiki hiyo mwalikeni bwana mifugo, mpange naye siku ya chanjo, na kama paroko atakubali, wanyama wabarikiwe siku hiyo hiyo. Baraka na sindano zaweza kwenda pamoja, kama walivyokwenda pamoja Rafaeli na mbwa wa Tobia.

Mungu akipenda tutakutana tena mwezi ujao. Afya njema kwenu nyote, na kwa wote mnaowafuga.